Kwanini nati za tairi la nyuma kushoto ndio zinalegea? Madereva na mafundi wa malori njooni hapa

#1 tipa_nyekundu
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja. Nina tipa za Kijapani na semi moja ya Kizungu, na karibu kila nikisikia tairi limechomoka, liwe langu au la jirani, ni nyuma kushoto. Sio mbele, sio kulia. Juzi semi imefika Chalinze dereva anashuka kukagua anakuta nati zinazunguka kwa vidole, na anaapa alikaza kwa bomba kabla hajatoka Dar. Fundi wangu anasema kosa ni uzi, bolti zote siku hizi zinafungwa kwenda kulia na tairi la kushoto linazunguka kinyume kwa hiyo linajifungulia lenyewe. Mwingine anasema ni barabara. Utingo anasema kuna watu wanaitaka rimu yangu kwa mganga, huyo nimemwacha. Ukweli ni upi?

#2 mtaa_wa_spea
Fundi wako yuko sahihi. Simama upande wa kushoto uangalie tairi gari likienda mbele, linazunguka kinyume na mshale wa saa, ndio upande ule ule unaofungulia nati ya kawaida. Ukikanyaga breki tairi linapunguza ila nati inataka kuendelea na mwendo wake, inajifungua. Wajapani walilijua hili ndio maana Fuso, Isuzu na Hino za zamani upande wa kushoto zina uzi wa kushoto. Hawakuwa wajinga.

#3 Spana_32
Nati haina hata nusu kilo mzee. Imekazwa kwa nyutoni mita 600 (kipimo cha nguvu ya kukaza) halafu breki iifungue kwa uzito wake yenyewe? Labda ukigonga ukuta.

#4 mtaa_wa_spea
Haya tuambie wewe kwanini Wajapani waliweka uzi wa kushoto. Urembo?

#5 kona_ya_Kitonga
Nakaa hapa na soda 😂

#6 Rusumo_by_night
Mimi napiga Dar–Kigali. Kwetu tunaendesha kushoto, ukivuka daraja la Rusumo unahamia kulia, Burundi na Kongo hivyo hivyo. Sasa kama kosa ni uzi basi tairi za kushoto zingelegea huko pia, uzi haubadiliki ukivuka mpaka. Kama kosa ni barabara basi huko zingelegea za kulia, maana barabara ina mgongo katikati na gari linalala upande wa pembeni. Mimi naona zaidi kushoto ila siwezi kudanganya, sehemu kubwa ya safari yangu ni Tanzania.

#7 Buja_mecano
Mimi niko Bujumbura gereji ya malori. Hapa tunaona pande zote mbili. Na mara nyingi gari limetoka kubadilishwa tairi karibuni, hiyo ndiyo naiona kuliko mambo ya kulia na kushoto. Gari ambalo halijaguswa tairi muda mrefu halilegei hovyo.

#8 agizaKutokaYard
#7 umegusa penyewe. Naagiza malori Japani na huko wizara yao ya uchukuzi inafuatilia hizi ajali za tairi kuchomoka. Zinapanda miezi ya baridi, watu wakishabadili tairi kuweka za theluji, na nyingi ni nyuma kushoto kama kwa mleta mada. Na wao wanaendesha kushoto kama sisi. Sababu wanazotaja ni kwamba ukikata kona ya kulia unaenda na kasi kiasi, mzigo wote unalalia kushoto. Ukikata ya kushoto, kona inakuwa finyu, tairi la nyuma kushoto linakaribia kusimama huku linasagwa kwa ubavu. Halafu ule mteremko wa barabara kuelekea pembeni. Na nyingine ambayo wengi hawaifikirii, tairi la mbele likilegea dereva analisikia kwenye usukani, la nyuma halisemi kitu mpaka linampita barabarani.

Kitu kingine, kuanzia kama 2010 malori yao mapya makubwa wakahamia mfumo wa kimataifa wa ISO, nati moja inabana rimu zote mbili na uzi ni wa kulia pande zote. Kwa hiyo wanaolaumu uzi huko nao wapo na wanabishana kama nyinyi hapa.

#9 mtaa_wa_spea
Asante #8. Umenitetea bila kukusudia.

#10 Spana_32
Hajakutetea. Soma tena sentensi ya mwanzo.

#11 Kivukoni_boy
Kwani nyie mnakazaje? Nimeona utingo anachomeka bomba la futi tano kwenye wilspana halafu anarukia kama yuko disko

#12 injinia_wa_nyuzi
Hilo bomba ndilo nilitaka kulisemea. Chukua mtu wa kilo 80 asimame tu, asiruke, kwenye bomba sentimita 75 kutoka kwenye nati, hapo unapata karibu nyutoni mita 590. Bolti ya M22 (unene milimita 22) ya rimu ya tundu kumi inataka kati ya 600 na 700 kutegemea mtengenezaji. Yaani kusimama tu inatosha kabisa. Huyo wa futi tano tena anaruka anaipita mara mbili mara tatu, bolti inavutwa mpaka inapita uwezo wake wa kurudi, na ikishafika hapo hata uikaze namna gani haibani tena, unaiona imekaza kumbe imekufa.

Naona wote mmeng'ang'ania nini kinaizungusha nati. Bolti ya tairi haishikilii rimu kama msumari. Ukikaza nati bolti inarefuka kidogo sana na inataka kurudi, kama mpira wa manati, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoibana rimu kwenye habu, kile chuma cha katikati kinachozunguka na tairi. Kila bolti moja ya M22 iliyokazwa vizuri inabana kwa zaidi ya tani 10. Mzigo, breki na kona vinabebwa na msuguano wa rimu na habu, sio na bolti yenyewe. Sasa huo urefu wote ulioongezeka ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Rimu yako imepigwa rangi nene ipendeze, au fundi hajapangusa kutu na matope kwenye habu, gari likitembea kilomita hamsini ile rangi inasagika, unene unapungua hiyo sehemu moja ya kumi, na tani zako zote zimeondoka. Nati haijazunguka hata kidogo. Baada ya hapo ndio rimu inaanza kucheza, na ikicheza ndio nati inazunguka.

Huko kucheza nako kumepimwa, Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwa mashine kwamba ukivitikisa vipande viwili kwa ubavu, kimoja kiteleze juu ya kingine, nati inajifungua yenyewe. Ukitikisa kwa urefu wa bolti haileti shida kiasi hicho. Na inajifungua iwe uzi wa kulia au wa kushoto, haichagui.

Kwa hiyo dereva wa #1 anaweza kuwa mkweli kabisa. Alikaza Dar. Hakukaza tena njiani. Wataalamu wanataka urudie kukaza ukishatembea kilomita 50 hadi 100 baada ya kufunga tairi, na Chalinze ndio hapo hapo.

#13 tipa_nyekundu
Mkuu #12 shukrani. Hiyo ya rangi imenigusa, rimu zangu nilizipiga rangi zote mwaka huu, na mbele na nyuma na mahali zinapokutana.

#14 mtaa_wa_spea
Kama Junker haangalii upande wa uzi, mbona pedali ya kushoto ya baiskeli ina uzi wa kushoto dunia nzima? Hapo mtajibu nini.

#15 fundi_baiskeli_Shy
Naweza kulijibu hilo maana ndio ugali wangu. Ya pedali ni kweli, ukiweka uzi wa kulia kushoto inachomoka ndani ya muda mfupi hata uikaze na spana ndefu. Lakini sio kwa sababu beringi inaivuta, ingekuwa beringi ingevuta upande mwingine. Ni kwamba mguu unaikandamiza chini wakati kranki inazunguka, kwa hiyo mkandamizo unazunguka ukuta wote wa tundu, na ile nafasi ndogo iliyopo kwenye uzi inafanya mti wa pedali utambae kinyume na mzunguko. Kidogo kidogo kila zungusho. Tairi la lori nalo mzigo unazunguka hivyo hivyo kwenye habu, kwa hiyo mimi niko upande wa mtaa_wa_spea nusu.

#16 Spana_32
Ila pedali ni bolti moja iko katikati inazunguka yenyewe. Lori lina bolti kumi zimezunguka habu, hakuna hata moja iliyo katikati. Ingekuwa nati moja kubwa ya katikati ningekubali.

#17 fundi_baiskeli_Shy
Ndio maana nimesema nusu.

#18 Mombasa_Rd_Jamaa
Niaje. Huku kwetu makanika wengi wanaweka springi wosha wakiamini imemaliza kazi, sio kwa tairi tu, kwa propela shafti, kwa spring, kila mahali. Ni kweli inasaidia?

#19 injinia_wa_nyuzi
NASA walitoa kitabu cha usanifu wa bolti na nati mwaka 1990 na hilo wamelisema wazi. Springi wosha ni springi wakati unakaza tu, ukimaliza imelala bapa na haina tofauti na wosha ya kawaida, uwezo wake wa kuzuia nati unakuwa sifuri. Kwenye mashine ya Junker pia haifui dafu. Kinachofanya kazi ni zile wosha za jozi zenye ngazi ndani, Wasweden wa Nord-Lock, nati ikitaka kurudi inabidi ipande ngazi. Au nati za nailoni kwa vitu vidogo, ila ya nailoni ukiifungua mara kadhaa ule mpira umelika, tupa.

#20 Gongolamboto_Welda
Mimi nachomelea nati. Doti moja ya welding kwenye uzi, mchezo umeisha.

#21 Spana_32
Ukipata pancha Sekenke saa nane usiku utatuambia mchezo umeishaje 😂

#22 injinia_wa_nyuzi
#20 usifanye hivyo kwenye tairi. Bolti za tairi zimepikwa kwa joto maalum zikapata ugumu wake, welding inaupoteza pale pale kwenye uzi unaobeba. Utakuta imekatika, sio imelegea.

#23 Gongolamboto_Welda
Sijasema tairi. Nimesema nati. Nafunga bodi mimi.

#24 Kariakoo_bolti
Nauza bolti. Tatizo kubwa mnalolisahau ni greda, ile namba ya kichwani mwa bolti. Mteja anakuja anataka ya bei rahisi, anachukua 8.8 anaenda kufunga mahali pa 10.9. Hiyo namba ni tani, 10.9 inabeba tani kumi na pointi tisa.

#25 injinia_wa_nyuzi
Muuza bolti hiyo sio tani mkuu. Namba ya kwanza zidisha kwa 100, ni megapaskali bolti inakokatikia. Ya pili ni sehemu ya hiyo inapoanza kuvutika bila kurudi. 10.9 inakatika kwenye 1000 na inaanza kuvutika kwenye 900. 8.8 ni 800 na 640. Tani inategemea unene wa bolti, ya M10 na ya M22 zote zinaweza kuwa 10.9.

#26 Kariakoo_bolti
Sawa mwalimu. Lakini wateja wanaelewa tani. Na bolti isiyo na namba kichwani usiifunge kwenye kitu kinachotembea, hapo hubishi.

#27 injinia_wa_nyuzi
Hapo sibishi.

#28 Mzee_wa_Reli
Vijana mimi nilikuwa reli, gengi la njia. Kule bolti ni maisha. Pale reli mbili zinapokutana kuna vyuma viwili vya pembeni na bolti zinapita katikati, na bolti tulizipanga kimoja kichwa ndani kimoja kichwa nje, ili gurudumu likishuka kwenye reli lisizikate nati zote kwa mpigo. Ukaguzi wetu ulikuwa nyundo. Unagonga kichwa cha bolti na kidole umeweka upande wa pili, iliyokaza inalia kwa sauti kavu, iliyolegea inatoa sauti nzito na kidole kinaisikia inacheza. Sasa hivi madereva wanapita na taa ya simu wanaangalia kwa macho, nati iliyolegea kwa macho huioni.

#29 HGV_Birmingham
Nyundo bado inafundishwa mzee. Huku Uingereza naendesha, na kwenye nati tunaweka vile vishale vya plastiki vya njano, vyote vinaelekezana mbili mbili, nati moja ikizunguka kishale kimeangalia kwingine unakiona ukiwa umesimama. Ila angalia alichosema #12, kishale kinaonyesha nati iliyozunguka, hakionyeshi bolti iliyopoteza mvutano wakati nati iko pale pale. Na kushoto nyuma huku pia ndio inaongoza, na sisi tuko kushoto kama nyinyi.

Kuhusu reli, huku Potters Bar Mei 2002, treni iliacha njia kwa sababu nati za kwenye swichi, pale njia inapogawanyika, zilikuwa zimelegea na nyingine hazipo kabisa, watu 7 walikufa. Nati tu hizo.

#30 Rusumo_by_night
Dalili nyingine ambayo mimi naitumia, kutu. Tairi likianza kucheza kunatoka michirizi ya kutu nyekundu kuanzia kwenye nati kwenda nje ya rimu, haswa mvua ikinyesha. Siku moja nimeinama pale mizani naona mchirizi kwenye nati mbili tu, kuweka spana zile mbili ziko kaza kabisa, jirani zake ndio zilikuwa zimelegea. Kwa hiyo ukiona mchirizi kaza zote usikaze iliyochafuka.

#31 Buja_mecano
Na angalia tundu la rimu. Likishalika likarefuka hiyo rimu haifai tena, hata ukifunga bolti mpya.

#32 Lamu_kwa_Lamu
Nyote mmeshindwa na mababu zetu. Mtepe, chombo chetu cha zamani cha baharini, ulishonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari hata mmoja, na Periplus, kitabu cha safari za bahari cha Wagiriki cha karibu miaka 2000 iliyopita, inataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani yetu hii. Kamba inakubali mbao zicheze na mawimbi. Oman walishona chombo cha namna hiyo, Jewel of Muscat, na mwaka 2010 kikaenda mpaka Singapore.

#33 Spana_32
Haya shona tairi la Scania.

#34 Lamu_kwa_Lamu
Nyie mnaofunga kwa chuma ndio mnaolia kwenye huu uzi, sio mimi 😂

#35 Gongolamboto_Welda
Kwani chesisi ya lori imefungwa kwa nini? Ina ripiti, zile pini za chuma zisizo na uzi, sio nati. Kwanini wasiweke ripiti kila mahali tumalize ubishi, mnara wa Eiffel una ripiti milioni 2.5 na umesimama tangu 1889.

#36 injinia_wa_nyuzi
Za Eiffel ziliingizwa za moto, zikipoa zinanywea zinabana, na haziwezi kufunguka kwa sababu hakuna uzi. Ila mnara haupati pancha.

#37 Mombasa_Rd_Jamaa
Na ile gundi ya Loctite? Kuna jamaa anapaka nyekundu kwa nati za tairi za pikapu yake.

#38 HGV_Birmingham
Nyekundu mpaka uipashe moto kwenye digrii 250 hivi ndio inaachia. Kwenye tairi linalofunguliwa kila mara haina maana. Na usipake kitu chochote pale nati inapokanyaga rimu. Kwenye nati za ISO tone moja la oili linaenda kati ya nati na wosha yake na kwenye uzi, basi. Ikiwa kavu na ina kutu spana inasoma 600 lakini nguvu karibu yote imeliwa na msuguano. Hata ikiwa safi ni kama asilimia 10 tu ya jasho lako inayofika kwenye kuivuta bolti.

#39 mtaa_wa_spea
Bado hakuna aliyeeleza kwanini Wajapani waliweka uzi wa kushoto. Miaka yote hiyo, mamilioni ya malori. Nasubiri.

#40 agizaKutokaYard
Kwenye mfumo ule wa zamani wa Kijapani rimu inakalia nati yenye uso wa mviringo, nati yenyewe ndiyo inayolenga rimu katikati, kwa hiyo rimu ikicheza inaisukuma nati moja kwa moja. Kwenye ISO rimu inakalia habu. Inawezekana uzi wa kushoto ulikuwa na maana kule na hauna maana huku. Inawezekana pia ilikuwa mazoea tu. Ila ule wa zamani una ugonjwa wake, nati ya ndani inabana tairi la ndani na ya nje inabana la nje. Ukikaza ya nje tu, ya ndani inaweza kuwa imelegea na hujui. Inabidi ulegeze ya nje, ukaze ya ndani, urudi ukaze ya nje. Wangapi wanafanya hivyo barabarani?

#41 Kivukoni_boy
Hakuna hata mmoja.

#42 tipa_nyekundu
Hapo #40 umenikumbusha swali jingine. Tipa moja ya tundu nane, gereji moja waliniuzia rimu iliyotumika, haikuingia vizuri wakazungushia drili kidogo kwenye tundu ikaingia. Iko nyuma kushoto hiyo hiyo. Ni sawa?

#43 injinia_wa_nyuzi
Mkuu tumefika post ya 42 ndio unasema hilo??

#44 kona_ya_Kitonga
Soda imenipalia 😂😂

#45 agizaKutokaYard
Simamisha hiyo gari kwanza. Tundu nane ziko za aina mbili. Ya Kijapani ya zamani duara la bolti ni milimita 285, ya ISO ni 275. Zimepishana sentimita moja tu ndio maana watu wanajaribu kuzilazimisha. Na uso wa tundu ni tofauti, moja imechimbwa bakuli nyingine ni bapa, kwa hiyo hata ikiingia nati haikanyagi inavyotakiwa. Pima kutoka katikati ya bolti moja mpaka katikati ya ile inayotazamana nayo, upime habu na upime rimu.

#46 tipa_nyekundu
Futi kamba ya hapa ncha imekatika, inaanzia sentimita 4.

#47 Mzee_wa_Reli
Anzia kwenye 10, ukimaliza toa 10.